Asiyekuwepo na Lake Halipo: Kijana na Mkutano wa Mtaa

Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya vijana, wazee na viongozi wa mitaa ya Kata ya Nyegezi



Nimeombwa kuzungumza juu ya ushiriki wa vijana katika serikali za mitaa. Mada hii imezoeleka masikioni, na mara nyingi huishia kwa kijana kulaumiwa kwamba hajali na mzee kulaumiwa kwamba haachi kiti. Leo sikuja kugawa lawama. Naomba kuanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipomaliza stashahada ya mawasiliano ya umma, nilipanga chumba katika mtaa mmoja wa jiji hili. Jumamosi moja likapita tangazo la mkutano wa mtaa. Nililisikia vizuri, nikaona hayo ni mambo ya wenye nyumba, nikaendelea kufua nguo zangu. Wiki mbili baadaye wakazi wakaanza kulundika taka hatua chache kutoka dirishani kwangu, zikisubiri gari la kuzoa. Nilikwenda kwa mwenyekiti nikiwa nimefura. Mzee yule hakupandisha sauti. Alifungua daftari la muhtasari, akanionyesha orodha ya waliohudhuria, akaniuliza: "Kijana wangu, jina lako liko wapi hapa?"

Sikuwa na jibu. Kila aliyehudhuria alikuwa amesema taka zisiwekwe upande wake, na upande usiokuwa na msemaji ndio uliozipata. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Methali hiyo mimi niliielewa kwa pua.

Ndugu zangu, mkutano wa mtaa si hisani ya mwenyekiti. Katiba yetu, katika ibara za 145 na 146, inaziweka serikali za mitaa kwa lengo la kupeleka madaraka kwa wananchi. Wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba mwaka 1972 mamlaka hizi ziliondolewa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na kwamba mwaka 1982 zilitungwa sheria mpya za kuziweka tena juu ya msingi imara. Nchi ilikwisha kujifunza kwamba mtaro wa mtaani hausimamiwi vizuri na mtu asiyejua unapoanzia na unapomwaga maji.

Chini ya utaratibu huo, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kuhudhuria mkutano wa mtaa wake na kusema. Haulizwi kama ana nyumba au amepanga, kama ameoa au hajaoa. Akitimiza miaka 21, na akiwa na sifa nyingine zinazotakiwa, anaweza kugombea uenyekiti wa mtaa au ujumbe wa kamati ya mtaa. Mara ya mwisho tulipiga kura za ngazi hii tarehe 27 Novemba 2024, na uchaguzi huja kila baada ya miaka mitano. Kijana aliyekuwa na miaka 16 siku hiyo atakuwa na umri wa kugombea uchaguzi ujao utakapofika. Lakini miaka mitano ni mingi kumsubiri mtu ambaye mvua inamharibia njia mwaka huu. Ndiyo maana leo nazungumzia mkutano kuliko kura.

Hebu tufuatilie safari ya hoja moja. Tuseme kijana wa bodaboda anasimama mkutanoni na kueleza kwamba maji ya mvua, yanapoteremka kutoka kwenye miinuko ya mawe kwenda ziwani, yamekata barabara na abiria hawapitiki usiku. Hoja ikikubaliwa inaandikwa katika muhtasari. Mwenyekiti wa mtaa anaipeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni Diwani na katibu wake ni Mtendaji wa Kata. Huko inapangwa pamoja na hoja za mitaa mingine, kisha inakwenda Halmashauri, kwa wataalamu, kamati za kudumu na Baraza la Madiwani. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele hukusanywa miezi mingi kabla yake. Anayekuja kulalamika mwezi Agosti kwamba mtaa wake haumo kwenye bajeti amekuta mlango umefungwa, naye alikuwa na ufunguo mfukoni.

Sitawadanganya kwamba kila hoja inayoandikwa hutekelezwa. Fedha ni kidogo na mahitaji ni mengi. Ila nina hakika na jambo moja: hoja isiyoandikwa haina hata nafasi ya kukataliwa.

Kuna wanaosema kwamba kushirikisha vijana ni mambo ya kigeni. Wasukuma wanajua sivyo. Katika vijiji vya Usukuma vijana walikuwa na umoja wao, wakiongozwa na nsumba ntale, ambaye walimchagua wao wenyewe. Umoja huo ndio uliopanga kazi za pamoja, kwenda kulima shamba la huyu leo na la yule kesho, na kijana aliyekwepa zamu aliwajibishwa na wenzake. Mtemi alikuwepo na wazee walikuwepo, lakini hakuna aliyeona ajabu kwamba vijana nao wana kiongozi anayesikilizwa. Sisi tumerithi nusu ya desturi ile. Siku ya kuzibua mtaro tunawaita vijana. Siku ya kuamua mtaro upite wapi tunawasahau.

Majirani zetu wa Uganda wamechukua njia ya viti. Sheria yao ya serikali za mitaa ya mwaka 1997 inawapa vijana wajumbe wawili katika mabaraza, mmoja wao lazima awe wa kike. Katika halmashauri zetu viti maalumu ni vya wanawake. Kijana, kwa ujana wake tu, hatengewi kiti. Hivyo asipofika mkutanoni na asipogombea, hakuna kifungu kitakachomwingiza kwa mlango mwingine.

Sasa naomba niseme na wazee wangu na viongozi, kwa heshima zote. Nyegezi ina watu ambao siku yao haifanani na ya ofisi. Wapo wapiga debe na wauzaji wa stendi, ambao wanaamka kabla ya basi la kwanza. Wapo wanaokesha ziwani na kulala mchana. Wapo mabinti wa mama lishe ambao hawawezi kuliacha jiko saa sita. Wapo wanafunzi wa Chuo cha Uvuvi na wale wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino pale Malimbe, ambao wanakaa nasi miaka mitatu, wanakunywa maji yetu na kupita njia zetu, lakini hakuna anayewaita. Mkutano ukiitishwa Jumanne saa nne asubuhi, tusishangae kuona mvi tupu. Tupange siku na saa kwa kuwauliza wanaokosekana. Na binti akisimama kusema, asiulizwe ni mtoto wa nani kabla hajamaliza sentensi yake.

Nasi tunaotoa taarifa tujisahihishe. Tangazo lililobandikwa ukutani mwa ofisi linasomwa na aliyekwisha kufika ofisini. Taarifa inapaswa kufika kwenye kijiwe cha bodaboda, mwaloni, kwenye makundi ya simu na baada ya ibada, siku kadhaa kabla ya mkutano, ikitaja ajenda. Mtu haji kwenye mkutano. Anakuja kwenye jambo.

Kwenu vijana wenzangu, nina ushauri wa namna ya kusema ili msikilizwe. Njoo na jambo moja, si kumi. Taja mahali hasa: daraja lipi, kona ipi, tangu lini. Toa pendekezo, na useme ninyi mtachangia nini. Kisha, kabla hujaketi, omba hoja yako iandikwe katika muhtasari. Mkutano unaofuata, uliza imefika wapi. Taarifa ya mapato na matumizi inaposomwa, isikilize mpaka mwisho, na usipoelewa uliza bila kutukana. Swali la adabu lenye tarakimu ndani yake ni gumu kukwepa kuliko kelele.

Najua wengi mnaijua njia ya ofisi ya kata kwa sababu ya mikopo. Ni haki yenu. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha kasoro, ukarejea mwaka 2024. Undeni vikundi vya kweli, mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Lakini kumbukeni kwamba fungu lile ni sehemu moja tu katika kumi. Sehemu tisa zilizobaki zinagusa taka zenu, zahanati zenu na masoko yenu, na haziji kwa fomu ya maombi. Zinajadiliwa na waliopo.

Namalizia pale nilipoanzia. Baada ya aibu ile ya daftari, nilihudhuria mkutano uliofuata. Nilisema vibaya, nikitetemeka, na mtu mmoja alinicheka. Nikarudi tena, safari hii na wapangaji wenzangu wanne, tukiwa na pendekezo la mahali pengine na ahadi ya kupasafisha sisi wenyewe. Mkutano ukakubali, na taka zikahamishwa. Hatukuwa na cheo wala fedha. Tulikuwa na majina matano katika orodha ya waliohudhuria.

Orodha ya leo iko hapa mbele, juu ya meza ya Mtendaji. Kabla hujaondoka, andika jina lako na mtaa wako, na mkutano wa mtaa utakapoitishwa, liandike na huko pia.