Nafasi Tupu Si Sifuri

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika, Kerege, Bagamoyo)



Nimeombwa nizungumzie takwimu za miradi yetu. Najua neno hilo huleta usingizi, hasa baada ya chakula cha mchana, na siwalaumu. Kwa hiyo nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2006 nilikuwa mwanafunzi wa chuo. Wengi mnaukumbuka mwaka ule kwa mgao wa umeme. Kompyuta zilikuwa chache, tulizitumia kwa zamu, na umeme ukikatika kabla hujahifadhi kazi yako, unaanza upya. Tulifundishwa programu ya SPSS, ambayo ilianzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1968. Niliipenda mno. Unaingiza namba, unabonyeza, na jedwali linatoka limenyooka. Nikadhani nimejua takwimu, kumbe nilikuwa nimejua kubonyeza.

Wakati wa mafunzo kwa vitendo nilipelekwa kijiji kimoja cha Mkoa huu wa Pwani. Nilipita kaya 40 nikiwa na dodoso. Swali moja liliuliza: mnatumia dakika ngapi kwenda kuteka maji na kurudi? Kaya 24 zilitaja dakika. Kaya 16 hazikutaja, nikaacha nafasi tupu. Niliporudi kwenye kompyuta sikupenda yale mapengo, nikayajaza sifuri. Programu ikanipa wastani wa dakika 18. Nikaandika kwamba maji si tatizo kubwa katika kijiji kile.

Niliposoma matokeo mbele ya wanakijiji, bibi mmoja alinyoosha mkono. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, mimi umeniandika wapi?" Nikatafuta dodoso lake, nikakuta sifuri. Akasema, "Kisimani siendi kwa sababu miguu yangu haifiki. Nanunua dumu kwa kijana wa baiskeli. Siku nisiyo na hela naomba kwa jirani."

Nilizipitia upya zile kaya 16. Nyingi zilikuwa kama ya bibi yule: ziko mbali na kisima, zinanunua maji. Hazikuwa na dakika za kutaja kwa kuwa haziendi kuteka. Hivyo kaya zenye shida kuliko zote ndizo nilizoziandika kuwa hazina shida hata ya dakika moja.

Tazameni hesabu yenyewe. Zile kaya 24 zilikuwa na jumla ya dakika 720. Ukigawa kwa 40 unapata 18. Ukigawa kwa 24, ambazo ndizo zilizojibu, unapata 30. Na hata hiyo 30 haisemi lolote juu ya bibi. Ilinibidi niandike mambo mawili: wanaoteka hutumia wastani wa dakika 30, na kaya 16 kati ya 40 haziteki kabisa. Kompyuta haikukosea. Iligawa nilichoipa.

Ndugu wajumbe, kosa hilo linaweza kuingia katika daftari lolote la usharika. Chukueni mradi wa kopa mbuzi, lipa mbuzi. Mama fulani hana alama kwenye safu ya marejesho. Je, amekataa kulipa? Mbuzi alikufa? Amehama? Au hakuna aliyemtembelea? Hayo ni mambo manne, na kila moja linahitaji hatua yake. Naomba basi tuandike sifuri pale tu tulipouliza na jibu likawa sifuri. Asiyejibu tumwandike kuwa hakujibu. Asiyehusika na swali tumwandike hivyo. Na ambaye hatukumfikia, tukiri kwamba hatukumfikia.

Utaratibu huo si mgeni katika wilaya hii. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo mjini Bagamoyo, na kuanzia mwaka 2009 kilishiriki jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S. Watoto 15,459 waliandikishwa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Katika utafiti wa aina ile, mtoto aliyehama haandikwi kuwa hakuugua. Anaandikwa kuwa hakuonekana tena, na idadi ya hao hutajwa wazi. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa maeneo yenye malaria kama ya kwetu.

Kwa marafiki wafadhili nina ombi moja. Tunapowaletea asilimia, tuulizeni: kati ya wangapi, na wangapi hamkuwapata? Msituone dhaifu tukileta taarifa yenye mapengo yaliyoelezwa. Iogopeni ile isiyo na pengo hata moja.

Kwa vijana wanaotaka kusomea kazi hii, kipo Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, Changanyikeni, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1961. Programu nayo si lazima muinunue. R, iliyotengenezwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, hutolewa bure. Ila kwanza chukueni daftari na kalamu, mhesabu kaya kumi kwa mkono. Atakayeweza kueleza namba zake bila kompyuta, huyo kompyuta itamsaidia.

Namalizia na mfano mnaoujua, wa mchungaji mwenye kondoo 100. Alijua kwamba mmoja amepotea kwa sababu alihesabu, na hakuliandika pengo lile kuwa si kitu. Alitoka kwenda kutafuta.