SHAMBA LA NABOTHI NA MSITU WA KARURA

(Maneno ya mwanachama mmoja, mfanya kazi wa reli, katika mkutano wa tawi)



Tumeletewa habari ya viwanja vya bei rahisi kando ya mto, tuvinunue kwa fedha za akiba yetu. Kabla ya kupiga kura, nawaomba mnisikilize kidogo.

Tuliosoma shule za misheni twamkumbuka Mfalme Ahabu. Alikuwa na jumba na nchi nzima, lakini moyo wake haukutulia kwa sababu ya shamba la mizabibu la jirani yake Nabothi. Alilitaka liwe bustani ya mboga. Nabothi akakataa, kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Mfalme akalala kitandani akasusa chakula. Ndipo mkewe Yezebeli akaandika barua kwa muhuri wa mfalme, mashahidi wa uwongo wakapatikana, na Nabothi akauawa kwa mawe. Tazameni, ndugu: mwizi hakuwa mtu mwenye njaa. Alikuwa mtu aliyeshiba.

Mambo hayo yametokea kwetu pia. Msitu wa Karura, Nairobi, una zaidi ya ekari 2,000, nao ni mali ya watu wote. Katika miaka ya 1990 sehemu zake waligawiwa wenye nguvu, kwa karatasi zenye mihuri kama ile ya Yezebeli. Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miti. Tarehe 8 Januari 1999 walipigwa, naye akatoka damu kichwani. Hawakurudi nyuma. Mwezi wa Agosti mwaka ule Rais Moi akakataza kugawa ardhi ya umma. Msitu ungali umesimama.

Lakini ni rahisi kumlaumu tajiri. Ahabu mdogo yumo ndani ya kila mmoja wetu. Mungu ameweka ukingo wa mto uwe nafasi ya maji. Katika mvua za mwaka 2024 Mto Mathare ulirudi kudai nafasi yake, ukachukua nyumba na roho za watu maskini. Kisha Serikali ikaamuru watu waondoke kando ya mito, mita 30 kutoka majini. Je, tukijenga huko, tutampangisha nani? Ni mfanya kazi mwenzetu na watoto wake.

Sisi wa reli twajua kwamba kila behewa lina kipimo chake. Likipakiwa kupita kipimo, haumii mwenye mzigo peke yake; gari zima huanguka. Ardhi nayo ina kipimo, na aliyeiweka ni Mungu.

Kwa hiyo nasema tuvikatae viwanja hivyo, na akiba yetu ingoje mahali pa haki. Afadhali tuendelee kulipa kodi ya nyumba kuliko kulala usingizi juu ya shamba la Nabothi.