Mabawa na Mzigo Wake



Hapa kwetu Katogota, ndege ikisikika juu ya mashamba ya mihogo, watoto wanatoka mbio kuitazama, na sisi wakubwa tunawaita warudi ndani. Wao wanaona ajabu. Sisi tunakumbuka vita. Nani ana haki, mtoto ao mzazi? Tuwatazame wale walioanza kazi ya kuruka.

Wilbur na Orville Wright wa Marekani walikuwa watoto wa askofu, na kazi yao ilikuwa ya baiskeli. Walitengeneza sanduku refu la kupitisha upepo, wakapima humo mabawa madogo karibu 200, moja baada ya lingine. Tarehe 17 Desemba 1903 mashini yao iliruka kwa nguvu ya injini. Mara ya kwanza ilikaa hewani sekunde 12 tu, ikaenda mita 36 hivi. Kijana wetu akitupa jiwe, linafika mbali kuliko hapo. Lakini hawakudharau mwanzo mdogo.

Haikupita miaka 13, ndege zikafika kwenye ziwa letu. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege nne za kutua majini kutoka Uingereza. Zilikuja kwa meli hadi Matadi, kisha kwa mto na reli mpaka Tanganyika, upande wa Kalemie. Mawimbi ya ziwa yalizishinda, wakatafuta maji yaliyotulia ya Tongwe. Mwezi wa Juni rubani Aimé Behaeghe akavuka ziwa. Alibeba nini? Mabomu, ya kuangushia meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, huko Kigoma. Mwezi wa Desemba, mwaka uleule, yeye mwenyewe akafia Niemba.

Na ile meli? Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916. Mwaka 1924 Waingereza wakaitoa majini, baadaye ikapewa jina Liemba. Mwaka 2015 Liemba hiyohiyo ilichukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, ikawafikisha salama Kigoma, kwenye bandari ileile iliyorushiwa mabomu. Chuma ni kilekile. Mzigo ndio uliobadilika.

Basi, mtoto ana haki: akili iliyotengeneza mabawa ni zawadi ya Mungu. Na mzazi ana haki: zawadi hiyo imepakiwa mauti.

Ndugu zetu, sisi hatuna ndege. Lakini tuna pikipiki kwenye barabara ya Uvira, tuna simu, tuna ulimi. Pikipiki moja inaweza kupeleka mama mjamzito hospitalini, ao kupeleka risasi. Simu moja inaweza kupeleka pole kwa jirani, ao uongo wa kuchoma kijiji. Leo, kabla hatujaondoka nyumbani, tujiulize: tumepakia nini?

Mungu atusaidie kupakia amani, kusudi siku moja tutoke nje pamoja na watoto wetu, tutazame juu bila woga. Amina.