Hamsini bob ya eCitizen: nani analipia kufuli?

Uzi. Wengi mmeniomba niweke hapa maneno niliyosema Jumamosi kwenye ukumbi wa Kaloleni. Haya basi. Sijataja chama wala mwanasiasa, na kwenye majibu pia tusitaje.

Wanamtaa, hamjambo. Msimu wa siasa ukifika, mjadala wa eCitizen huwa ni mmoja tu: ile hamsini bob. Huyu anapiga kelele iondolewe, yule anasema ikiondolewa mfumo utakufa. Wote wawili wanaruka swali lenyewe: mfumo ni wa nani, na ulinzi wake unalipiwa na nani?

Chukua kijana wa Umoja aliyepata kazi ya soja kwenye geti. Anatakiwa alete hati ya tabia njema kutoka polisi. Hiyo ni 1,050: elfu moja ya hati, hamsini ya mfumo. Kompyuta hana, kwa hivyo anaenda saiba na kutoa mia moja au mia mbili ajaziwe fomu. Halafu nauli mpaka Huduma Centre Makadara kuchukuliwa alama za vidole. Sasa mfumo uwe umelala siku hiyo. Mwajiri hangoji, anachukua aliye na karatasi mkononi.

Na si hadithi ya kutunga. Tarehe 30 Juni 2023 serikali ilizindua huduma zaidi ya 5,000 ndani ya eCitizen. Hata mwezi haujaisha, tarehe 27 Julai, mfumo ukashambuliwa. Pasipoti, viza, leseni za udereva, mpaka tiketi za treni, shida tupu.

Walifanyaje? Hawakuvunja kufuli. Fikiria watu elfu kumi wasio na haja yoyote wamejaza foleni pale Makadara tangu alfajiri, kila mmoja akifika dirishani anauliza tu saa ni ngapi. Wewe mwenye shida hufiki. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, sawa. Lakini foleni ilikuwa imeziba. Kundi linalojiita Anonymous Sudan lilisema ndilo lililofanya, na Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya Wasudani wawili, ndugu, wakidai ndio walioliendesha. Yaani si jeshi la taifa kubwa. Ndugu wawili!

Baada ya hapo, Agosti 2023, tukaambiwa malipo ya serikali yapitie Paybill moja, 222222, zile zingine zifungwe. Mimi nilielewa sababu: pesa ilikuwa inavuja kwenye Paybill za kila ofisi. Lakini ukishafunga milango yote ukabakisha mmoja, huo mmoja unataka kufuli ya maana na askari wa usiku.

Hapo ndipo siasa inapokwama. Barabara ina utepe wa kukatwa, seva ya akiba haina. Hakuna mgombea aliyewahi kupigiwa makofi Donholm kwa kuahidi wahandisi wa kukesha, au kulipa watu wajaribu kuuvunja mfumo kabla ya wezi. Hiyo kazi haionekani mpaka siku ikikosekana.

Kuhusu hamsini bob: Aprili 2025 Mahakama Kuu ilisema ada hiyo haina msingi wa kisheria. Mimi nakubaliana na mahakama, lakini siwafuati wanaosema basi mambo yameisha. Mfumo hauendeshwi kwa maombi. Ada ikitoka, gharama lazima iingie kwenye bajeti, iwe na jina lake, Bunge liipitishe na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aifuate. Huyo Mkaguzi Mkuu ameshaandika kwamba serikali haikuwa na udhibiti kamili wa eCitizen. Hebu fikirieni: umejenga nyumba Kayole, fundi amebaki na funguo, na kila ukitaka kuingia unamwomba yeye. Hata akiwa fundi mwaminifu, hiyo nyumba si yako bado.

Kuna jambo lingine watu wa runinga hawaligusi. Huku kwetu sura ya serikali ya kidijitali ni yule kijana wa saiba. Ana nambari yako ya kitambulisho, nywila yako ameiandika kwenye daftari, na namba ya siri inayotumwa kwa simu unamsomea kwa sauti watu wote wakisikia. Simlaumu, anakusaidia. Estonia, nchi iliyoshambuliwa vibaya mtandaoni mwaka 2007, raia anaweza kuingia aone ni ofisi gani imefungua taarifa zake. Kwetu, faili lako likifunguliwa utajuaje? Kitu kama hicho ndicho ningetaka kodi yangu ilipie, kabla ya programu mpya yenye rangi nzuri.

Mama mmoja aliuliza: sasa hiyo bajeti tutaiona wapi? Swali zuri. Makadirio ya matumizi hupelekwa Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla mwaka wa fedha kwisha, yaani mwisho wa Aprili. Katiba, Kifungu cha 221, inaitaka kamati ya Bunge ipokee maoni ya wananchi kabla ya kupitisha. Tafuteni ukurasa wa Idara ya Uhamiaji na Huduma za Raia, mwone eCitizen imetengewa ngapi na kwa kazi gani. Nakala nitaileta hapa Kaloleni, tuisome pamoja na kalamu mkononi.