Nyota Iliyopotea Ikapatikana kwa Kalamu

Somo letu la leo ni juu ya Ceres. Mwalimu, tafadhali liandike jina hilo ubaoni.

Kati ya njia ya Mirihi na njia ya Mshtarii pana ukanda mpana. Humo mna mawe mengi yanayozunguka jua, nayo huitwa asteroidi, yaani sayari ndogo. Ceres ndiyo kubwa kuliko zote. Upana wake ni kadiri ya kilomita 940.

Usiku wa tarehe 1 Januari, 1801, padre Giuseppe Piazzi alikuwa akitazama nyota mjini Palermo, katika kisiwa cha Sicily. Akaona nyota ndogo asiyoijua. Usiku wa pili akaona imesogea. Akaifuata, na kila alipoiona aliandika mahali pake. Mwezi wa Februari akaugua. Kisha nyota ile ikafichwa na mwanga wa jua, wala hapakuwa na mtu aliyejua itatokea wapi.

Huko Ujerumani alikuwako kijana wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss. Mama yake hakujua kuandika. Gauss alizichukua hesabu za Piazzi, akaketi, akaipigia hesabu njia ya nyota ile. Tarehe 31 Desemba mwaka ule ule, Franz von Zach akatazama upande ule uliotajwa na hesabu za Gauss, akaiona!

Je, jina lilitoka wapi? Piazzi aliiita Ceres Ferdinandea. Ceres ni mungu wa kike wa nafaka katika dini ya kale ya Warumi. Watu wa kale wa Sicily, wakulima wa ngano, walimheshimu sana. Ferdinand alikuwa mfalme wa Sicily wakati ule. Lakini wataalamu wa nchi nyingine hawakulipenda jina la mfalme asiye wao, likaachwa. Jina la nafaka likabaki. Hata mwaka 2006, Ceres ilipowekwa katika kundi la sayari kibete, jina halikubadilika.

Basi fikirini: kama Piazzi asingaliandika alichokiona, Gauss angalipigia hesabu kitu gani?

Sasa jibuni daftarini:
1. Ceres ilionekana mara ya kwanza mwaka gani?
2. Kwa nini jina la mfalme liliachwa?
3. Taja jambo moja la nyumbani kwako linalofaa kuandikwa lisipotee.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.