Konokono wa Kichocho: Umbo Lake na Makao Yake



Wakulima wa Migori na Homa Bay wamjua sana koa wa shambani, yule mtambaazi asiye na kombe, ajifichaye mchana chini ya mawe na kutoka usiku kula miche. Hasara yake huonekana bustanini. Lakini majini hukaa ndugu yake mwenye kombe, mdogo kama ukucha wa kidole, ambaye madhara yake humwingia mtu mwilini, maana ndiye achukuaye kichocho.

Wako wa namna mbili. Wa kwanza ni bapa, kombe lake limezungushwa kama kamba iliyokunjwa. Huyu hueneza kichocho cha matumbo. Makao yake ni ufuoni mwa Ziwa Victoria, penye mafunjo, matete na magugu-maji, tangu Kendu Bay na Mbita hata Karungu na Muhuru. Tena ana jamaa yake akaaye kilindini, mchangani na matopeni.

Wa pili ana kombe lenye ncha. Likishikwa ncha ikiwa juu na mdomo ukimwelekea mtazamaji, mdomo huo huwa upande wa kushoto. Huyu hueneza kichocho cha kibofu, naye hupenda madimbwi, mabwawa na vijito vya polepole mbali na ziwa.

Wengine hudhani kwamba konokono huzaliwa na ugonjwa huu. Sivyo. Mwanadamu ndiye ampaye. Mayai ya minyoo hutoka katika mavi au mkojo wa mgonjwa, na yakifika majini huanguliwa. Vijidudu humwingia konokono, huongezeka ndani yake kwa majuma manne au zaidi, kisha hutoka kwa maelfu, hasa wakati wa jua kali, vikatafuta ngozi ya mtu aogaye, afuaye nguo au avuaye samaki.

Basi kuua konokono peke yake hakutoshi, kwani ziwa ni kubwa mno. Kila boma na liwe na choo, nacho kitumiwe na wote. Maji ya kuogea yawekwe siku mbili katika chombo kisicho na konokono, na vijidudu vitakufa. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo mwilini, lakini haimkingi mtu akiingia tena katika maji yale yale. Mtoto akojoaye damu asifichwe kwa ajili ya haya, bali apelekwe zahanati upesi.

Konokono asiyepokea mayai kutoka kwa watu hana ugonjwa wa kuwarudishia.