Ratiba ya Robo Ijayo: Kupanga Matukio na Programu za Maktaba katika Mji Mdogo

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wakutubi wa maktaba za wilaya

1. Utangulizi



Waandaaji walinipa mada hii kwa simu, kisha kwa barua, na barua ikaongeza maneno ambayo simu haikuwa nayo: "na changamoto zake". Nawashukuru. Ratiba yenyewe naweza kuisoma kwa dakika tano. Muda utakaobaki nitautumia kwenye changamoto, tena moja tu, ile ambayo wengi hapa mmeshanisikia nikiilalamikia koridoni.

2. Maana ya maneno tunayotumia

Nitapita haraka. Maktaba ya umma humhudumia kila mtu bila kujali umri, dini, kabila, jinsia wala kiwango cha elimu. Ndivyo inavyosema Ilani ya UNESCO ya Maktaba za Umma, iliyotolewa 1949 na kuhuishwa mara kadhaa, mara ya mwisho 2022. Tukio ni shughuli ya siku moja. Programu ni shughuli inayojirudia. Naomba tofauti hiyo ikumbukwe, maana mada yote imesimama juu yake.

Sheria zetu mnazijua: Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya 1963, ikaundwa upya kwa sheria ya 1975, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Anayetaka zaidi ya hapo, wapo kati yetu waliosoma na waliofundisha chuo cha ukutubi cha Bagamoyo. Watamsaidia wakati wa chai.

3. Ratiba ya Julai hadi Septemba

Maktaba yetu ni ya mji mdogo, makao makuu ya wilaya, yenye chumba cha watu wazima, chumba cha watoto na kompyuta chache. Robo ijayo tumepanga hivi.

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Wanafunzi watasoma hadithi walizotunga wenyewe. Nane Nane tutapeleka sanduku la vitabu vya kilimo na ufugaji kwenye viwanja vya maonesho ya wilaya, na vitabu hivyo vitaazimwa palepale, havitakaa mezani kutazamwa. Tarehe 8 Septemba ni Siku ya Kisomo Duniani. Hayo ni matukio.

Programu ni hizi: Saa ya Hadithi kwa watoto kila Jumamosi saa tatu asubuhi, klabu ya wasomaji watu wazima, jioni, baada ya watu kufunga maduka, meza ya vitabu siku ya mnada, na kuwasaidia vijana waliomaliza kidato cha sita kuomba vyuo na mikopo kwa mtandao. Hii ya mwisho inahitaji maelezo kidogo. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kijana wa kijijini anakuja mjini na vyeti ndani ya bahasha, anakwenda stendi kwa mwenye kompyuta, analipia, na jina lake linaingizwa na mtu mwenye haraka. Herufi moja ikikosewa isilingane na cheti cha kuzaliwa, ombi linakwama. Maktaba ina kompyuta, ina mtu anayejua kusoma fomu hadi mwisho, na haina haraka. Kwa maoni yangu hakuna huduma tunayoweza kuitoa kwa gharama ndogo kuliko hiyo.

Mwanzoni mwa Septemba, kabla ya mtihani wa darasa la saba, chumba cha kusomea kitafunguliwa hadi saa moja na nusu usiku, umeme ukiruhusu.

4. Tatizo la tarehe

Mwenyekiti, hapa ndipo naomba uvumilivu.

Kila tukio la maktaba lina mgeni rasmi. Nalisema hili bila kumlaumu kiongozi yeyote, na naomba anayeandika muhtasari aandike hivyohivyo. Viongozi wana majukumu mengi. Wakiitwa mkoani asubuhi, watakwenda mkoani. Ubishi wangu uko kwenye mazoea ya kuifunga ratiba ya maktaba nzima kwenye nafasi ya mtu mmoja.

Tunapanga tarehe. Dokezo linapanda, linakaa, linashuka likiwa na maelekezo kwamba tarehe isogezwe kwa kuwa mgeni atakuwa ziarani. Tangazo lilishabandikwa sokoni, stendi, msikitini, kanisani, na kwenye kibanda cha mama anayeuza vitumbua mkabala na maktaba. Tunakwenda kubandua. Shule zilizoomba ruhusa kwa wazazi zinaomba upya. Tarehe ya pili ikifika, simu inalia asubuhi: mgeni amepata dharura, atawakilishwa. Mwakilishi naye hawezi kuondoka ofisini mpaka hotuba imfikie.

Wakati huo watoto wako uwanjani tangu saa mbili. Turubai limefungwa. Viti vya safu ya mbele vimevikwa vitambaa vyeupe na hakuna mtoto anayeruhusiwa kuvikalia. Spika za kukodi zinapiga muziki, na walioko ndani wakijiandaa na mtihani wanaziba masikio. Saa sita msafara unaingia. Hapo ni utambulisho, ngoma, ngonjera ya kumkaribisha mgeni, risala, hotuba, neno la shukrani, picha ya pamoja. Kwenye ratiba ya siku hiyo, kati ya ngonjera na risala, kuna mstari unaosema "Kusoma hadithi, dakika 10". Mshereheshaji anatazama saa yake, anatazama karatasi, na mstari anaoukata ni huo. Sijawahi kuona ukikatwa mstari wa soda.

Siku ya usomaji isiyosomwa kitu ni harusi isiyo na bibi harusi, na bado tunaiandikia taarifa kwamba ilifana.

Tuje kwenye fedha. Fungu la matumizi mengineyo mnajua linavyofika: pungufu na kwa kuchelewa. Likifika, linakwenda kwenye bango, fulana, turubai, spika, maji na soda. Bango lina tarehe na jina la mgeni, kwa hiyo tarehe ikisogezwa linachapishwa jingine, na la zamani tunalitumia kufunika vitabu paa linapovuja. Ukiandika vitabu kwenye bajeti ya maadhimisho, unaulizwa vinahusiana vipi na maadhimisho.

Halafu kuna daftari la mahudhurio. Siku ya tukio kurasa zinajaa na taarifa ya robo inapendeza. Jumatatu yake wanarudi walewale wa kila siku: vijana wa kidato cha nne na madaftari yao, na wazee wa magazeti. Rafu hazijaguswa.

Fedha hata hivyo si hasara kubwa. Mtoto aliyetoka kitongoji cha mbali akafika akaambiwa "imeahirishwa", Jumamosi nyingine mama yake hamwachii. Kuna maji ya kuchota na mdogo wa kubeba. Nasi hatuna haki ya kumlaumu mama huyo. Alituamini, akampunguzia mtoto kazi za asubuhi, tukampotezea asubuhi yake. Katika mji ambao watu wote wanajuana, habari kwamba maktaba "huwa wanaahirisha" inakaa miaka.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni ya kweli. Bila mgeni rasmi, gari la kubeba viti halipatikani, redio ya jamii haiji, na mahitaji yetu hayasikiki. Hata madirisha ya chumba chetu cha watoto yaliwekwa baada ya kiongozi mmoja kuona hali kwa macho yake. Ila yule aliingia ndani. Wengi wa waliofuata waliishia chini ya turubai, wakahutubia kuhusu umuhimu wa kusoma wakiwa wameipa maktaba mgongo, wakaondoka bila kuona rafu.

Linganisheni na Saa ya Hadithi. Vifaa vyake ni mkeka, kitabu na mwalimu mstaafu anayejitolea. Anasoma ukurasa, anakigeuza kitabu, anakizungusha polepole ili waliokaa pembeni nao waone picha. Akiruka neno kwa makusudi, watoto waliokwisha kuisikia hadithi hiyo wanampigia kelele. Hakuna anayetambulishwa. Ikiisha, foleni ya kuazima inafika mlangoni, na wale wasio na kadi wanaondoka na fomu ya kumpelekea mdhamini aweke sahihi. Mvua ikinyesha wanakuja wachache, naye anawasomea hao wachache.

Programu hii haina mstari kwenye bajeti. Mara kadhaa chumba chake kimechukuliwa kwa kikao cha ghafla, na mkeka ukahamishiwa chini ya mwembe. Kwenye fomu ya taarifa ya shughuli tunayotakiwa kuijaza kuna nafasi ya "Jina la mgeni rasmi", na nimeelekezwa kwamba nafasi hiyo haiachwi wazi. Kwa hiyo kilicho bora kuliko vyote katika maktaba yetu hakijawahi kuonekana kwenye taarifa yoyote.

5. Tumeshawahi kuweza

Wapo watakaosema watu wetu hawaji bila sherehe. Lakini waliwahi kuja. Mwaka 1970, uliotangazwa na Mwalimu kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata, nchi hii iliendesha madarasa ya kisomo vijijini, chini ya miti, kwa siku na saa zinazojulikana. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya". Vikundi vilikutana kila wiki kuizunguka redio, kipindi kikasikilizwa, kitabu kikasomwa, mjadala ukafuata, kisha watu wakaenda kuchimba vyoo. Takribani watu milioni 2 walishiriki. Redio haikuahirisha kipindi kwa sababu kikundi cha kijiji fulani kilikuwa kinasubiri mgeni.

Majirani zetu wa Kenya nao, tangu 1996, wanapeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa kaskazini mashariki, Garissa na kwingineko. Watu wengi husifu ngamia. Mimi nasifu ratiba: mfugaji anajua msafara utapita lini, na anapanga safari zake kwa kuzingatia hilo.

6. Mapendekezo

Kwanza, kila maktaba ya wilaya iwe na angalau programu moja ya kila wiki yenye siku na saa isiyobadilika. Isisogezwe kwa ziara, kikao wala maadhimisho. Mkutubi akiugua, mwingine asome.

Pili, tukio likishatangazwa kwa umma tarehe yake isibadilishwe. Mgeni asipoweza kufika, shughuli iendelee na salamu zake zisomwe.

Tatu, mgeni anayealikwa aalikwe kusoma. Apewe kitabu cha watoto siku mbili kabla, akae mkekani au kitini apendavyo, asome kurasa nne. Hotuba ifuate kama muda utabaki. Niseme wazi kwamba pendekezo hili linawaheshimu viongozi kuliko utaratibu wa sasa, kwa sababu mtoto anamkumbuka aliyemsomea.

Nne, ziara ya mgeni ianzie ndani, kwenye rafu, kabla ya turubai.

Tano, fomu ya taarifa irekebishwe. Nafasi ya mgeni rasmi iwe ya hiari, na iongezwe safu ya idadi ya vitabu vilivyoazimwa katika siku saba baada ya shughuli. Tukiendelea kuhesabu vichwa vya siku moja tutaendelea kujidanganya.

Sita, katika bajeti ya maadhimisho, vitabu viandikwe kabla ya fulana. Hapa wahasibu watanisamehe.

Saba, mabango yasiandikwe jina la mtu wala mwaka, ili yatumike tena.

Nane, chumba cha watoto kisitumike kwa vikao saa za watoto. Nimekwisha kuligusa, narudia kwa sababu linarudiwa.

Tisa, ratiba ya robo ijayo itoke kabla robo haijaanza, na izingatie maisha ya mji: siku ya mnada, msimu wa kupalilia, Ramadhani, mitihani. Programu ya jioni katika mwezi wa mfungo, saa ya futari, haihitaji utafiti kujua itakosa watu.

Kumi, msaada wa maombi ya vyuo na mikopo utambuliwe rasmi kuwa huduma ya maktaba, tupewe bando la intaneti la miezi hiyo.

Kumi na moja, wanaojitolea kusoma walipwe nauli. Mwalimu mstaafu hawezi kuwa mfadhili wa serikali.

Kumi na mbili ni lile la kwanza. Siku na saa isiyobadilika.

7. Ombi kwa kamati ya maazimio

Nimeiona rasimu ya maazimio iliyogawiwa asubuhi. Azimio la nne linasema maktaba "zihimizwe kuandaa matukio mengi zaidi ya kuhamasisha usomaji". Naiomba kamati iliondoe, na mahali pake iandike: "Kila maktaba iendeshe programu moja ya usomaji kila wiki, siku ileile na saa ileile, iwe na mgeni au isiwe naye." Kama nafasi ya karatasi haitoshi, mengine yote niliyoyasema leo yanaweza kukatwa. Mshereheshaji wetu anajua namna ya kukata mistari. Huu naomba auache.